Wengi Wape, Lakini Nani Aliwahesabu?

Siku hizi hakuna mradi unaofika mtaani bila kuitwa wa jamii. Ukitaka kumwaga kabro mbele ya maduka, sema jamii imeomba. Ukitaka kusimamisha mulika mwizi pale steji, sema jamii imeamua. Hata kwenye lile bango lenye jina la mkandarasi na tarehe ya kukamilika iliyopita kitambo, neno hilo halikosi. Na si neno baya. Tumetoka mbali kulifikia.

Mwaka wa 1948 Nairobi iliandikiwa mpango mkuu na wataalamu kutoka Afrika Kusini. Kichwa chake hakikuficha kitu: ulikuwa mpango wa mji mkuu wa kikoloni. Watu wa Pumwani, Shauri Moyo na Kaloleni walikuwa ndani ya ramani, ila hawakuwa ndani ya chumba. Uhuru ukaja, ofisi zikapata wenyewe wapya, tabia ikabaki. Mei 1990 tingatinga ziliingia Muoroto, na hakuna aliyejisumbua kusema ati wakazi walihusishwa. Ndiyo maana Katiba ya 2010 ilipoweka ushiriki wa wananchi kati ya maadili ya taifa, Kifungu cha 10, halikuwa jambo dogo. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 ikafuata, ikasema kaunti haiwezi kupanga bila umma. Leo ukivunjiwa bila kuulizwa, angalau una karatasi ya kwenda nayo kortini.

Kwa hivyo sitaki kupoteza muda wako kuthibitisha kwamba ni makosa kuwapangia watu mambo yao bila wao. Hilo tunakubaliana, hata wale wanaofanya kinyume wanakubali wakiwa na maikrofoni mkononi. Swali linalonisumbua ni lile linalokuja baadaye. Je, jamii ikiulizwa kweli, ikajibu kweli, na jibu lake likamfukuza mtu? Hakuna hongo iliyotembea, hakuna mheshimiwa aliyepiga simu, mikono imeinuliwa na kuhesabiwa. Yule aliyefukuzwa amedhulumiwa, ama ameshindwa tu kura kama vile timu hushindwa mechi?

Chukua senta yoyote ya Eastlands. Mitaa kama Buruburu na Umoja ilianza kujengwa miaka ya 1970, na waliochora walifikiria vizuri: nyumba pande zote, maduka pamoja mahali pamoja, na nafasi wazi mbele ya maduka. Hawakuchora mama mboga. Hawakuchora fundi wa viatu, wala kijana wa smokie na mayai, wala kinyozi wa kontena, wala boda wanaongoja chini ya mti. Hao walikuja wenyewe wakajaza ile nafasi wazi, na ukitulia uangalie utaona hawakujipanga ovyo. Wa chapo yuko karibu na steji kwa sababu asubuhi watu hawana muda wa kupika na jioni hawana nguvu. Wa mboga yuko upande ule watu wanaoshukia, si ule wanaopandia, kwa sababu hakuna mtu anayeingia mathree kwenda kazini na sukuma mkononi. Fundi wa viatu yuko mahali watu wanasimama bila kitu cha kufanya. Hakuna profesa aliyewafundisha. Waliamka wakajaribu, wakahama mita kumi, wakajaribu tena, mpaka mtaa wenyewe ukawaonyesha pa kukaa.

Na wanauza kadogo kadogo. Mafuta ya kupima, nyanya tatu, robo ya kabeji iliyokatwa tayari. Zaidi ya hayo wanakopesha. Ndani ya kila kibanda kuna daftari, na ndani ya lile daftari kuna majina ya nusu ya ploti. Supamaketi haitakuandikia unga mpaka mwisho wa mwezi. Mama mboga atakuandikia, kwa sababu anajua nyumba yako, anajua kazi yako, na anajua kama wewe ni mtu wa kupotea. Hiyo ni benki, tena inayokopesha bila dhamana kwa watu ambao benki zenyewe hazitaki kuwaona.

Sasa, senta hizi zimechoka. Hilo pia ni ukweli na sitalipaka sukari. Mitaro imeziba, maji ya mvua yanasimama mbele ya duka la dawa, taa hazifanyi kazi, na mtu mwenye kiti cha magurudumu hawezi kufika kwa daktari wa meno ghorofa ya chini bila kubebwa. Wenye maduka wanalia kwamba vibanda vimeziba mbele yao. Wazazi wanalia kwamba watoto wanatembea barabarani na matatu. Mtu akisema tuiamshe hii senta, hasemi uongo. Kuna kitu cha kuamshwa.

Lakini fuata pesa ya kabro uone inaenda wapi. Njia ikitengenezwa na taa zikiwashwa, wateja wanaongezeka. Wateja wakiongezeka, mwenye jengo anapandisha kodi. Kodi ikipanda, duka la vitabu na yule mama wa nguo za shule wanahama, na mahali pao linaingia duka la simu ama la kuku wa kukaanga. Hakuna aliyekosea katika huo mlolongo, kila mtu amefanya hesabu yake. Mwisho wake ni kwamba mradi uliolipiwa na kodi ya wote umeongeza thamani ya mali ya wachache, na waliokuwa wameishikilia senta wakati imechoka ndio hawapo inapopendeza.

Niliacha chuo mwaka wa pili, na tangu hapo naishi kwa vibarua vya kuandika: maelezo ya bidhaa, hotuba za harusi, ripoti za watu ambao hawapendi kuandika ripoti. Kibarua kimoja kilikuwa kuandika kumbukumbu za mikutano ya mpango wa senta moja huko Eastlands. Sitaitaja, kwa sababu ningeweza kukutajia nyingine na hadithi isibadilike. Mkutano mkubwa uliitwa Jumanne saa nne asubuhi. Ukumbi ulijaa. Walikuja wenye majengo, wastaafu, viongozi wa makanisa, wazee wa mtaa, na vijana wachache waliosikia kutakuwa na soda. Walichangia kwa heshima na akili. Ramani ilibandikwa ukutani, kila mtu akaalikwa kuweka alama. Nimeona mikutano mingi ya kuigiza na huu haukuwa mmoja wao.

Ikafika hoja ya vibanda: vihamishwe kutoka mbele, pale steji, viende nyuma ya majengo karibu na choo cha umma, ambako kungejengwa meza za simenti zenye paa. Mama mmoja muuza mboga, aliyekuwa amemwachia mtoto wa shule kibanda, aliomba nafasi akasimama. "Wazee wangu, asanteni. Lakini huko nyuma watu hupita wakienda choo tu. Nani ananunua sukuma akienda choo?" Watu wakacheka, na yeye akacheka kidogo. Mwenyekiti akamjibu kwa upole, "Mama, tumekusikia, na hatukufukuzi. Tunakupanga. Lakini wengi ndio wengi." Mikono ikainuliwa. Nikaandika: imepitishwa.

Neno hilo "imepitishwa" ndilo ninalotaka tulifungue.

Mwaka wa 1969 Mmarekani anayeitwa Sherry Arnstein aliandika makala fupi kuhusu ngazi ya ushiriki wa wananchi. Ngazi yake ina vidato vinane. Chini kabisa kuna kuchezewa akili, unaitwa mkutanoni ili picha yako itumike. Katikati kuna kupashwa habari, kuulizwa maoni na kutulizwa. Juu kuna ubia, kukabidhiwa madaraka, na mwisho wananchi kushika usukani wenyewe. Makala hiyo husomwa kama kipimo cha serikali: je, wametupandisha hadi kidato gani? Swali zuri. Lakini ule ukumbi ungepata alama za juu, na bado yule mama angerudi kwake akiwa amepoteza. Ngazi inapima umbali kati ya serikali na wananchi. Haipimi umbali kati ya mwananchi na mwananchi, na hapo ndipo shida yetu ilipo. Ukiwapa watu usukani, bado unabaki na swali la nani ameketi kiti cha mbele na nani ananing'inia mlangoni.

Jibu la kwanza ambalo watu hutoa ni la idadi. Wengi wape. Nimesikia methali hii ikitumiwa kufunga mijadala kana kwamba ni sheria ya uzito wa maji. Lakini sikiliza wazee wanavyoiendeleza: usipowapa, watachukua. Hiyo methali haizungumzii haki. Inazungumzia nguvu. Inakushauri, wewe uliye mchache, ukubali yaishe kwa sababu hutawaweza. Ni ushauri wa busara kwa mtu aliyezidiwa, na ni hoja mbovu sana mdomoni mwa aliyezidi. Rousseau naye, katika kitabu chake cha 1762 kuhusu mkataba wa kijamii, alitofautisha utashi wa wote na utashi wa jumla. Ukijumlisha anachotaka kila mtu kwa ajili yake mwenyewe, unapata jumla ya tamaa. Hujapata bado kile kinachowafaa kama kundi moja. Mwenye duka aliinua mkono ili mbele ya duka lake pawe wazi. Mwenye gari aliinua ili apate pa kuegesha. Wa tatu aliinua kwa sababu vibanda havipendezi machoni. Ukiweka mikono hiyo pamoja unapata wengi, sawa. Lakini sijaona mahali walipoulizana: sisi kama mtaa tunahitaji nini, na tuko tayari kumlipisha nani?

Halafu idadi yenyewe. Wengi wa nani? Jumanne saa nne asubuhi wengi wa mtaa wako kazini. Kwa mujibu wa sensa ya 2019, karibu familia tisa kati ya kumi jijini Nairobi ni wapangaji. Ule ukumbi ulikuwa kinyume chake. Mkutano unaweza kuwa wazi kwa kila mtu na bado saa yake ikawa imefunga mlango. Anayeuza githeri mchana hawezi kuja mchana. Kuja kwake kuna bei, ni sufuria nzima, wakati kuja kwa mwenye jengo hakumgharimu kitu. Kodi inaingia hata akiwa ameketi pale anasikiliza.

Jibu la pili ni la hati. Ati mwenye ardhi ndiye mwenye neno. Hili lina uzito wake, sitalidharau. Mtu aliyelipa mkopo miaka ishirini ana haki ya kusikilizwa kuhusu mlango wake. Lakini ile nafasi mbele ya maduka si yake. Ni ya umma. Na kuhusu ardhi ya umma, Mahakama ya Juu ilisema jambo la maana Januari 2021, katika kesi ya Mitu-Bell, ya wakazi wa kijiji cha Mitumba karibu na uwanja wa ndege wa Wilson waliobomolewa Novemba 2011. Mahakama haikuwapa hati. Ila ilikubali kwamba watu wasio na ardhi wanaokalia ardhi ya umma wanaweza kuwa na haki ya makazi ambayo sheria inapaswa kuilinda. Kesi ile ni ya nyumba, si ya kibanda cha nyanya, na sitaki kuivuta kupita inakofika. Ninachochukua ni wazo lililo chini yake: kukosa karatasi hakukufanyi uwe hewa. Unaweza usimiliki mahali na bado ukawa na dai ambalo wengine lazima walijibu.

Jibu la tatu ndilo linalonivutia, na liko kwenye methali nyingine. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Tunaitumia kuwaondoa wageni wavivu, lakini iangalie upande wa pili. Jembe ndilo linalomaliza ugeni. Mtu aliyelima shamba na wewe huwezi kumwita mgeni wakati wa kuvuna. Uanachama, kwa mujibu wa wazee hao, hauji kwa damu wala kwa karatasi peke yake. Unakuja kwa kazi uliyoifanya mahali. Sasa nani ameilima ile senta? Mwenye jengo anayeishi mbali na kutumwa kodi kwa M-Pesa, ama yule anayefagia mbele ya kibanda chake saa kumi na moja alfajiri na kufunga saa nne usiku? Jane Jacobs aliandika mwaka wa 1961 kwamba mtaa hulindwa na macho ya watu walio na sababu ya kuwa nje. Msichana anayeshuka matatu saa tatu usiku anajua hilo bila kulisoma. Mulika mwizi inamwonyesha njia. Lakini anayemwona anafuatwa, na kumwita kwa jina kama vile anataka kumwuzia chapati ya mwisho, ni yule mama pale steji. Mhamishe nyuma ya choo na utakuwa na taa kubwa ikimulika mahali patupu.

Najua pingamizi, maana nimebishana nazo usiku mwingi. Ya kwanza: basi kila aliyefika kwanza akae milele? Hapana. Pale Gikomba moto umerudi mara nyingi mno, na njia ikizibwa gari la zimamoto haliingii. Haki yako ya kuuza haiwezi kuwa hatari ya jirani kuungua. Ya pili: vibanda navyo vina mabwana. Hii ni kweli tupu. Kuna mtu mmoja ana vibanda vitano, amekodisha vyote, haonekani hata siku ya mvua, na akisikia mkutano anatuma wapangaji wake wapige kelele kwa jina la wanyonge. Ya tatu: nani alisema yule wa kiti cha magurudumu si mnyonge pia? Mbona njia yake izibwe kwa ajili ya nyanya?

Ninazikubali zote tatu. Wala sidai kwamba mama mboga awe na kura ya turufu. Ninadai kitu kidogo zaidi, ambacho nadhani ni kigumu zaidi: kwamba tunapopima sauti, tusiulize tu ni wangapi. Tuulize kila mmoja akishindwa ataenda wapi. Mwenye gari akikosa pa kuegesha atatembea hatua mia mbili. Mwenye duka akibaki na kibanda mbele yake atapoteza wateja kiasi. Mama mboga akihamishwa nyuma ya choo amepoteza daftari lake lote, kwa sababu wale anaowadai hawapiti huko. Na yule wa kiti akizibiwa njia hawezi kumfikia daktari kabisa. Hawa wawili wa mwisho hawana mlango wa pili. Kipimo hiki hakimbagui bwana wa vibanda vitano, kinamweka mahali pake: yeye ana pa kwenda. Na ukikitumia kwa uaminifu, mara nyingi utagundua kwamba njia ya kiti cha magurudumu na kibanda cha mboga vinatosha pamoja, mradi tu maegesho yapungue. Ni kwamba maegesho hayakuwa mezani. Yalishakubaliwa kabla ya mtu yeyote kufika.

Kutoka hapo yanafuata mambo matatu ya kawaida kabisa. Anayepoteza zaidi afuatwe alipo, asingojewe ukumbini. Anayetaka mwingine ahame ndiye athibitishe kwamba hakuna namna nyingine, si anayehamishwa athibitishe kwamba anastahili kubaki. Na mahali papya pawe tayari, pakiwa na wateja, kabla ya pale pa zamani kuguswa. Hili la mwisho Nairobi tumelilipia karo. Soko la Muthurwa lilifunguliwa mwaka wa 2008 ili wachuuzi watoke katikati ya jiji. Lilikuwa na paa, lilikuwa na nafasi. Wengi wakarudi barabarani, kwa sababu soko lilijengwa mahali palipokuwa na ardhi, na mteja hanunui mahali palipo na ardhi. Ananunua njiani kwake. Mchuuzi yeyote angewaambia bure.

Wenye haraka husema huwezi kumwuliza kila mtu. Mukuru waliuliza. Mwaka wa 2017 kaunti ilitangaza Mukuru kwa Njenga, kwa Reuben na Viwandani kuwa eneo maalum la kupangwa. Zaidi ya familia laki moja. Mashirika kama Muungano wa Wanavijiji yalisaidia kuwapanga wakazi kwa vikundi vya nyumba kumi kumi, kila kikundi na mwakilishi wake, vikundi vikaungana kupanda juu hadi kwenye meza ya wataalamu. Hapo ndipo jambo kama upana wa barabara likaacha kuwa la mahandisi peke yao. Ukichora barabara kwa upana wa kitabu, unafukuza maelfu. Ukiichora nyembamba, wanabaki. Watu waliweza kuzungumzia mita, kwa sababu walijua kila mita ni nyumba ya nani.

Na ni Mukuru hiyo hiyo, Mukuru kwa Njenga, ambapo mwishoni mwa 2021 tingatinga ziliingia kwa ajili ya barabara na maelfu wakalala nje. Sina namna ya kulifanya hilo liwe funzo tamu. Mpango mzuri wa watu haukutosha kuwakinga, kwa sababu kushiriki bila mamlaka ni kama kushika usukani wa gari ambalo ufunguo uko kwa mwingine. Lakini sioni kama hiyo ni sababu ya kuacha. Inaonyesha mambo mawili yanahitajika pamoja. Serikali isipofungwa na kilichoamuliwa, jamii inaota. Na jamii isipofungwa na haki ya mdogo wake, inakuwa serikali nyingine ndogo, yenye kanju wake na tingatinga yake.

Mahali pengine yanatendeka kwa udogo. Dandora, mtaa uliochorwa miaka ya 1970 kwa mradi wa Benki ya Dunia na unaojulikana zaidi kwa jaa la taka, vijana walianza kusafisha nyua za katikati ya nyumba, kupaka rangi, kupanda miti. Wakaazi wanachanga kidogo, usalama unaangaliwa. Hakuna aliyengoja bango. Ninachokipenda hapo si rangi. Ni kwamba ua wa nyumba chache ni mdogo kiasi kwamba huwezi kupiga kura dhidi ya mtu kisha usikutane naye ukienda kuanika nguo. Aibu ya kukutana naye kesho ni sehemu ya mpango, na ukumbi mkubwa hauna hiyo aibu. Mwenyekiti wetu alimwambia yule mama "tunakupanga" kwa sababu hakuwa amewahi kununua kwake. Angekuwa ndani ya daftari lake, angemwuliza kwanza wateja wanapita wapi.

Sasa wewe unayesoma hii kwa simu, pengine ndani ya bedsitter, unaweza kujiuliza hii inakuhusu vipi. Sisi tunahama. Kodi ikipanda Umoja tunaenda Kayole, Kayole ikichoka tunaenda Ruai. Kwa kipimo changu mwenyewe sauti yetu si nzito sana; sisi tuna mlango wa pili, hata kama ni mwembamba. Lakini tuna kitu ambacho mama mboga hana, nacho ni muda wa jioni na bando. Kaunti lazima ipeleke mpango wake wa maendeleo wa mwaka bungeni kufikia Septemba 1, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Matangazo ya mikutano hutolewa kwa lugha ngumu, kwenye ukurasa ambao hakuna anayefungua. Tunaweza kuyasoma, tuyaseme kwa Kiswahili cha mtaa, tuyapeleke kwenye kibanda.

Na ukiingia ukumbini, kabla ya kuinua mkono, uliza mambo manne kwa sauti. Saa hii ilichaguliwa na nani? Nani atapoteza kesho asubuhi hoja hii ikipita, na yuko wapi sasa hivi? Ni nini kilichokwisha kuamuliwa kabla hatujafika? Na yule ambaye thamani ya mali yake itapanda, atachangia nini kwa yule atakayehama? Watakuona msumbufu. Mwenyekiti atakukumbusha kwamba muda umeenda na soda zinangoja. Mwambie kwa heshima, mzee wangu, tuahirishe hoja hii, turudi Jumamosi jioni tukae pale steji, katikati ya vibanda, tuinulie mikono huko.